Ujumbe umeingia, pesa je?

Saa kumi na moja jioni, ghorofa ya pili ya jengo moja Kariakoo. Dada anayeuza viatu vya kike Instagram ana kijana wa bodaboda mlangoni na mteja hewani. Mteja ametuma skrinishoti: shilingi 85,000 zimetoka, jina la dada limeandikwa sawasawa, namba ya muamala ipo, hata makato yapo. Hapo hapo simu ya dada inalia, ujumbe wa kupokea pesa. Kijana ameshatupia mfuko begani.

Kilichoziokoa zile jozi mbili ni kitu kidogo sana. Ujumbe ulikaa peke yake, haukujipanga chini ya jumbe nyingine za M-Pesa za siku zote, maana ulitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Halafu ulisema salio jipya ni shilingi 312,000, na dada alijua fika kwamba asubuhi alibakiwa na elfu kumi na moja.

Utapeli wa namna hii ndio unaosimuliwa kila siku, na kwangu mimi ndio mwepesi kuliko yote. Dawa yake ni kubonyeza *150*00# na kuangalia salio kabla boda hajashuka ngazi. Kazi iko kwa muuzaji ambaye aliangalia salio, akaikuta pesa kweli, akatoa mzigo, kisha pesa ikaondoka.

Mauzo ya mtandaoni yana kipindi ambacho wengi hatukipi jina: pesa imeshaingia kwako lakini bado si yako. Kwa noti ya mkononi kipindi hicho hakipo. Kwa malipo yanayopitia kampuni ya kati kinaweza kuwa dakika chache au nusu mwaka, na mwenye kuamua urefu wake si wewe.

Chukua Kenya. Aliyetuma M-Pesa akakosea namba huutuma ujumbe wa muamala kwenda 456, na kiasi kile hushikwa wakati madai yake yakishughulikiwa. Utaratibu huo una maana yake. Kosea tarakimu moja tu na ada ya mtoto inaenda kwa mtu usiyemjua. Lakini mlango ule ule aliowekewa aliyekosea unapitiwa pia na mnunuzi mjanja: anapokea simu aliyonunua, anaaga vizuri, akipiga kona anadai alikosea namba. Muuzaji anayetumia laini yake binafsi hana cha kuonyesha kwamba yale yalikuwa mauzo. Ndiyo maana Safaricom, wenye M-Pesa ya Kenya, walipoleta Pochi la Biashara, akaunti ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, moja ya mambo waliyoyanadi ni kwamba mteja hawezi kuirudisha pesa bila muuzaji kuridhia. Mama wa mboga akapata ulinzi, na mnunuzi aliyekosea kweli akaongezewa safari. Ulinzi wa mmoja hutoka mfukoni mwa mwenzake, na sijaona bado mfumo uliokwepa hilo.

Kwa wanaouza nje ya nchi, kipindi hicho hurefuka zaidi. PayPal, kampuni ya Marekani ya malipo ya mtandaoni, humpa mnunuzi siku 180 za kufungua malalamiko. Muuzaji mgeni anaweza kuzuiliwa pesa zake hadi siku 21, na akaunti iliyowekewa vikwazo inaweza kukaa na pesa hizo siku 180. Ulinzi kwa muuzaji upo, ila una masharti: mzigo uende kwenye anwani ile ile iliyoandikwa kwenye muamala, na uwe na uthibitisho wa kufika. Mteja akisema kilichofika sicho alichoagiza, ulinzi huo haukufuniki.

Sasa yalinganishe masharti hayo na tunavyofanya kazi. Kikapu cha ukindu kinakwenda London ndani ya sanduku la mtu anayesafiri, kwa sababu Posta ni ghali na msafiri ni rafiki. Kikapu kinafika, mteja anafurahi, anatuma na picha. Miezi minne baadaye anasema hakikufika. Una nini? Una picha ya WhatsApp na jina la msafiri.

Kwa Mtanzania kuna kizingiti cha ziada. Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal ya hapa imekuwa ya kulipia, si ya kupokelea, ilhali Wakenya tangu 2018 wanaunganisha yao na M-Pesa. Matokeo yake wauzaji wetu hupokelea kwenye akaunti ya binamu aliye Marekani. Hapo unabeba hatari tatu: mteja, kampuni na binamu. Akaunti ya mtu aliye Texas inayopokea malipo ya vikapu vinavyotoka Dar haikawii kutiliwa shaka, na ikifungwa, barua ya utetezi haiandikwi na wewe.

Hatari nyingine haina tapeli wala mteja ndani yake. Julai 2022 Mahakama Kuu ya Kenya ilizuia akaunti za kampuni ya malipo ya Flutterwave zenye zaidi ya shilingi bilioni 6 za Kenya, kwa ombi la taasisi ya serikali ya kurejesha mali zitokanazo na uhalifu, na mwezi huo huo Benki Kuu ya Kenya ikasema kampuni hiyo haikuwa na leseni ya kufanya kazi ya malipo nchini humo. Kesi ziliondolewa baadaye. Lakini kwa mfanyabiashara, kuja kusafishwa baadaye hakulipi kodi ya fremu ya mwezi huu. Marekani, kampuni ya kati iitwayo Synapse ilifilisika Aprili 2024 na watu zaidi ya 100,000 wakafungiwa pesa zao. Vitabu vyake na vya mabenki havikulingana. Wengi wao walikuwa waweka akiba kuliko wauzaji, ila somo ni lile lile kuhusu pesa inayokaa kwa mtu wa kati. Kwa upande wetu, kanuni za pesa za kielektroniki za 2015 zinataka pesa za wateja zikae kwenye akaunti maalumu ya amana benki, mbali na pesa za kampuni. Ni kinga ya maana, na hatuizungumzii vya kutosha.

Baada ya yote hayo kuna atakayesema: basi turudi kwenye keshi. Aulize waliojaribu. Boda anakwenda hadi Mbezi, mteja hapokei simu, mzigo unarudi, nauli ya kwenda na kurudi ni yako. Au analipa, na boda anafika na pesa pungufu na hadithi ndefu. Na wa Mwanza je, utamfuata na noti?

Isitoshe, mtu wa kati aliletwa na kutoaminiana kwenyewe. Alipay ya China ilianzia mwaka 2003 kwenye soko la Taobao kwa sababu mnunuzi hakutaka kulipa kabla ya kuona na muuzaji hakutaka kutuma kabla ya kulipwa. Pesa ikashikwa katikati hadi mzigo ufike. Wanunuzi wetu nao wameumizwa. Wametuma pesa kwa kurasa zilizofutwa kesho yake. Mnunuzi anapong'ang'ania njia ya malipo inayoweza kurudisha pesa, hana nia mbaya na wewe, anamkumbuka aliyemla mwaka jana.

Kwa hiyo mimi siungi mkono kelele kwamba kampuni hizi zinawakandamiza wauzaji tu. Mteja asiyekujua anakulipa kwa sababu ya hicho hicho unachokilalamikia. Ninacholaumu ni makato kupanda huku huduma kwa muuzaji ikiwa roboti ya kujibu maswali, na ninatulaumu sisi kwa kuigeuza akaunti ya kupokelea kuwa kibubu. Pesa ya wiki tatu inafanya nini kwenye akaunti ya kampuni ya malipo? Itolewe. Makato ya kutoa ni bei ya kulala usingizi. Na akaunti ya binamu, hapana, hata kama soko la nje litachelewa.

Yule dada wa Kariakoo naye ana utaratibu wake sasa. Analipwa kwa Lipa Namba yenye jina la duka, hajali skrinishoti. Wa mikoani analipa kabla mzigo haujapanda basi, na anatumiwa picha ya risiti ya basi. Wa mjini anayesisitiza kulipa akipokea, anaombwa atangulize nauli ya boda, elfu saba. Anasema wengi huishia hapo hapo, na meseji inabaki na tiki mbili za bluu.