Mwenye soko anapochungulia daftari la mpangaji

Supamaketi kuuza unga au mkate wenye chapa yake si habari mpya, na mnunuzi hupata nafuu ya bei. Amazon, soko la mtandaoni ambalo pia huuza bidhaa zake, inalaumiwa kwa kutumia takwimu za wauzaji wake kuiga bidhaa zao; imejitetea kwa hoja hiyohiyo miaka yote, ikiongeza kwamba bidhaa za chapa zake ni takriban asilimia 1 tu ya mauzo. Hoja ina uzito. Bidhaa inayouzika huigwa, na hakuna anayemiliki wazo la sanduku la kupangia vitu kwenye buti la gari.

Sanduku hilo lakini ndilo lililozua balaa. Aprili 2020 gazeti la Wall Street Journal liliandika kuhusu Fortem, kampuni ya watu wanne huko Brooklyn iliyokuwa ikiliuza ndani ya Amazon. Kabla Amazon haijatoa masanduku yake mwaka 2019, mfanyakazi wake alikuwa ameshapata ripoti inayoonyesha Fortem inauza kiasi gani, inatumia kiasi gani kwenye matangazo na kila kipande kinaipa Amazon faida gani.

Amazon ilisema kanuni zake zinakataza kutumia takwimu za muuzaji mmojammoja. Za jumla, yaani za wauzaji kadhaa zikiunganishwa, zinaruhusiwa. Hapo ndipo utetezi unapolegea. Wauzaji wa sanduku lile walikuwa wawili, na karibu mauzo yote yalikuwa ya Fortem. Jumla ya namna hiyo ni siri ya mtu mmoja iliyobadilishwa jina. Julai 2020 Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, aliulizwa na wabunge wa Marekani, akakiri kuwa hawezi kuwahakikishia kwamba kanuni hiyo haijawahi kuvunjwa.

Kuiga kwenyewe mimi sikulaumu. Anayeiga kwa kutazama rafu bado anabahatisha: hajui tangazo lipi lilileta wateja, wala bei gani iliua faida. Fortem ilinunua mzigo, ikalipa ada, ikabeba hasara ya kujaribu. Mwenye soko akasoma majibu bure.

Desemba 2022 Amazon iliiahidi Tume ya Ulaya kutotumia takwimu za siri za wauzaji kushindana nao, chini ya msimamizi wa kujitegemea. Ahadi hiyo inahusu masoko yake ya Ulaya. Muuzaji wa Brooklyn anayewauzia Wamarekani haimgusi.