Mikindani kuwa Marfa: mi nakubali, ila tuanze na nyumba

Hii mada inarudi kila mara kwenye vijiwe vya Mtwara, hasa kwa vijana wanaopiga muziki na wale wanaochonga na kuchora. Kwamba Mikindani ni mji mdogo, mkongwe, upo palepale baharini kilomita kama kumi tu toka Mtwara mjini, una majumba ya mawe ya matumbawe yanayojibomokea yenyewe, sasa kwanini usifanywe mji wa sanaa, bendi zikapiga laivu, magofu yakawa kumbi za maonyesho, wageni wakaja na pesa zao? Na mfano unaotajwa ni Marfa, kamji ka jangwani huko magharibi ya Texas, Marekani. Mi hii ndoto naiunga mkono, nasema mapema kabisa mtu asihangaike kunitafuta niko upande gani, ila nina sharti na sharti lenyewe nimelitoa hukohuko Marfa.

Kwanza tuelewane Marfa ni nini. Kalianza miaka ya 1880 kama kituo cha treni kujaza maji, baadae jeshi likaweka kambi, vita ya pili ya dunia ilipoisha kambi ikafungwa na watu wakaanza kuondoka. Miaka ya 70 mwanzoni akaja msanii wa New York anaitwa Donald Judd, alikuwa amechoka na makumbusho za mjini zinazoweka kazi ya mtu miezi miwili halafu zinaitoa, akaanza kununua majengo, na baadae taasisi ya sanaa ya Dia ikamnunulia hadi ile kambi ya jeshi. Ndani ya mabanda mawili ya zamani ya mizinga akaweka maboksi 100 ya alumini, nje kwenye nyasi kavu akapanga kazi 15 za zege, na zipo hapo mpaka leo hazihamishwi. Jambo ambalo watu wa Mtwara wangelielewa haraka sana ni kwamba pesa ya Dia chanzo chake ilikuwa utajiri wa Schlumberger, kampuni ya huduma za visima vya mafuta, na hisa ziliposhuka miaka ya 80 ahadi nazo zikayumba, Judd akatishia kwenda mahakamani, mwisho kazi na majengo vikawekwa chini ya taasisi inayojitegemea ya Chinati, ikafunguliwa 1986. Yeye akafariki 1994 na mji ukaendelea bila yeye.

Muziki ndio umekuja baadae. 2003 ukafunguliwa ukumbi wa Ballroom Marfa kwenye jengo la zamani la dansi la miaka ya 1920, na kuanzia 2014 wakawa na tamasha la muziki dogo tu, Marfa Myths, wanamuziki walikuwa wanakuja mapema, wanakaa mjini wanarekodi na wasanii wengine, halafu ndio wanapiga. 2017 mwanamuziki wa Marekani Solange akafanya onyesho palepale kwenye zile kazi za zege za Judd. Yote hayo kwenye mji ambao uwanja mkubwa wa ndege ulio karibu, El Paso, uko karibu kilomita 300. Kwahiyo wanaosema Mtwara ni mbali mno, nani atatoka Dar kilomita 560 kuja kusikiliza bendi, hiyo hoja mi naona haina nguvu, umbali wa Marfa umegeuka kuwa sehemu ya mvuto wenyewe. Ila tuseme ukweli na upande wa pili, barabara ya Marfa haikatiki. Ya kwetu Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilivunja madaraja Somanga, kusini nzima tukawa kisiwa, na promota aliyeshauza tiketi huwezi kumwambia asubiri daraja.

Sasa wanaopinga. Wapo wanaosema sanaa za wazungu hazituhusu, hao mi siwabebi sana maana hakuna aliyesema tulete maboksi ya alumini. Sisi tuna mapiko, ile ngoma ya barakoa ya Wamakonde, tuna ngoma ya sindimba, tuna tamasha la MaKuYa ambalo jina lenyewe ni Wamakonde, Wamakua na Wayao, na uchongaji wa Kimakonde umeshajulikana dunia nzima zamani sana, tatizo mteja anaununulia Mwenge, Dar es Salaam, kusini anapasikia tu kwenye maelezo ya muuzaji. Hata mpingo unaotengenezea klarineti na obo za Ulaya, misitu ya Kilwa kule Lindi imo. Yani malighafi ya muziki wa watu inatoka kwetu na sisi hatuna ukumbi mmoja wa maana wa kupigia laivu, bendi ikitaka shoo inaishia baa au uwanja wa mpira, ambako sauti inapotelea hewani na msanii anaishia kupiga pleibeki.

Wapo wengine wanaozungumzia maadili, na hawa nawasikiliza kwa heshima. Mikindani ni mji wa Waislamu, una misikiti na madrasa, wazee wetu pale hawataki mkesha wa spika na pombe dirishani kwao, na wana haki hiyo. Lakini hilo linapangika: shoo za alasiri mpaka saa nne usiku, hakuna shoo mwezi wa Ramadhani, masheikh na wazee wa mtaa waulizwe kabla ya afisa utamaduni, sio baada ya mabango kubandikwa. Tamasha la muziki la Sauti za Busara lilianza 2004 na kwa miaka mingi limefanyika Ngome Kongwe katikati ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na mji haujaacha kuswali. Kilichowahi kuwaangusha Busara ni hela, 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa kukosa ufadhili, na hapo ndio pa kujifunza maana tamasha linalosubiri mfadhili linakufa siku mfadhili akikohoa.

Hoja inayonikosesha usingizi ni ya nyumba. Marfa mwaka 2000 ilikuwa na watu 2,121, sensa ya 2020 ikakuta 1,788. Wakati huohuo ndio magazeti makubwa yanaisifia, hoteli zinafunguliwa, nyumba nyingi zinageuka za kupangisha wageni kwa Airbnb! Sisemi sanaa ndio imewafukuza watu wote, miji midogo mingi ya upande ule inapungua, kazi ni chache na vijana wanaondoka. Ila bei za nyumba zimepanda mpaka mwalimu na muuza duka hawawezi kununua, na kibaya zaidi nyumba za matofali ya udongo, zile za familia za Wamarekani wenye asili ya Mexico waliozijenga kwa mikono yao, zilipopendwa na wageni ofisi ya ukadiriaji ikazipandishia thamani na kodi ya jengo ikapanda kwa mtu ambaye hajauza chochote, kakaa tu kwake. Mji umepata sifa na bibi kapata bili.

Na sisi Mtwara hatuhitaji kusimuliwa. Enzi za gesi, kabla bomba la kwenda Dar halijakamilika 2015, kila mtu aliona viwanja vilivyopanda, kodi za pango zilivyoruka, watu wakauza maeneo ya urithi kwa haraka, wengine wakakopa kujenga gesti, halafu wageni wa makampuni wakaondoka na vyumba vikabaki vitupu. Aliyeuza hakurudishiwa.

Mikindani tayari kuna mfano mdogo, lile Boma la Wajerumani la 1895 lilikuwa gofu, shirika la Trade Aid la Uingereza likalikarabati likawa hoteli, jengo limepona na vijana wamepata kazi na mafunzo. Hilo ni jema na nalisema bila kusita. Lakini Boma ni mali ya serikali, hakuna familia iliyohamishwa. Nyumba za mtaani ni za urithi, warithi wako Dar, wengine Zanzibar, wengine hawajuani, na mmoja akikutana na mnunuzi mwenye pesa taslimu kabla wenzake hawajasikia, basi imekwisha.

Kwahiyo sharti langu ndio hilo: kabla ya jukwaa, halmashauri ikae na familia za Mikindani, mirathi ikamilishwe, hati zipatikane, na nyumba zinazotakiwa kwa sanaa zikodishwe kwa mkataba wa miaka, zisiuzwe. Mpangaji akarabati, kodi iende kwa familia, muda ukiisha nyumba irudi ikiwa na paa. Kuna wenzangu watasema hii itachelewesha kila kitu, na kweli itachelewesha, mwekezaji mkubwa anaweza akaghairi akaenda Kilwa au Bagamoyo. Mi naona bora aende.

Muziki wenyewe hauna haja ya kusubiri hati lakini. Minada ya korosho huanza Oktoba, Novemba pesa za AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, zinakuwa zimefika mifukoni Newala, Tandahimba, Masasi, na mvua kubwa bado. Wikiendi mbili hapo katikati, uwanja wa wazi, kiingilio anachokimudu mkulima, jenereta ya akiba, ngoma za mapiko zianze alasiri na bendi ifuate, wachongaji wawe pembeni wanachonga na kuuza hapohapo kwa bei yao wenyewe. Tukimlenga mkulima wa korosho kama mteja wa kwanza, mgeni wa Dar au Ulaya akija atakuta kitu kinachojiendesha, na asipokuja shoo inapigwa vilevile.