Turudishe Insha Kabla ya Kutoa Alama

Kila mwisho wa muhula, nje ya ofisi za walimu wa vyuo, utakuta rundo la insha zilizosahihishwa ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua. Mwanafunzi alishaiona alama yake kwenye mfumo, 11 kati ya 20, na karatasi anaifuata ya nini? Nimefundisha semina za mwaka wa kwanza kwa miaka minne, na marundo hayo yamekuwa yangu pia. Nilikesha nikijaza pembezoni maelezo kwa wino mwekundu, na karibu hakuna aliyeyasoma. Siwalaumu. Maelezo yanayokuja baada ya alama ni dawa iliyofikishwa matangani.

Msimamo wangu ni huu: insha ya chuo irudi kwa mwanafunzi kabla haijapewa alama, na alama itolewe kwa ile aliyoiandika mara ya pili. Tusipofanya hivyo tunapima tu nani alikuja chuoni akijua kuandika. Kumfundisha asiyejua, bado hatujaanza.

Tukumbuke vijana hawa wametoka wapi. Swali la historia la kidato cha nne linakutaka ueleze sababu sita. Unaandika utangulizi mfupi, unashusha pointi zako, kila moja na mfano wake, kisha hitimisho. Msahihishaji naye ana mwongozo na anatafuta pointi zilezile. Utaratibu huo nauelewa, karatasi ni nyingi mno, na ndio ulionifikisha mimi chuoni. Ila ndani yake hakuna cha kurudia. Pointi ama unayo ama huna, na ukimaliza ya sita umemaliza. Kijana aliyelelewa hivyo anafika mwaka wa kwanza, anakuta swali limeandikwa "Jadili", naye anaanza kutafuta pointi sita za kujadili.

Binti mmoja aliniandikia kuhusu vijiji vya ujamaa. Kurasa tano: chimbuko, malengo, faida, hasara, kila sehemu na kichwa chake. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwemo, Operesheni Vijiji ilikuwemo, sheria ya vijiji ya 1975 ilikuwemo, na tarehe zote zilikuwa sahihi. Nilishaanza kuwaza 11. Kwenye aya ya mwisho kabisa nikakuta sentensi mbili ambazo nadhani hata yeye hakuzitilia maanani: kwamba mwaka 1967 Nyerere alitaka watu waingie katika vijiji vya ujamaa kwa hiari yao, lakini Novemba 1973 kuishi kijijini kukawa amri, na kwamba hapo katikati ndipo ujamaa ulipobadilika ukawa kitu kingine.

Insha yake ilikuwa pale. Kurasa nne zilizotangulia zilikuwa njia aliyopita mpaka akafika, na alipofika tu, karatasi ikaisha.

Nilimwita. Akaja ameshika daftari kifuani, akauliza, "Madam, nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Hizi sentensi mbili za mwisho zipeleke mwanzo, halafu uniandikie tena."

Alirudi baada ya siku kumi, na alichokuwa amekifanya ndicho ninachotamani kila mwanafunzi akionje walau mara moja kabla hajahitimu. Faida na hasara alizitupa. Chimbuko lilibaki aya moja. Alipokaa maktaba kutafuta ushahidi wa hiyo hoja ya hiari na amri, akakutana na habari za Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, umoja wa vijiji vilivyojiendesha vyenyewe, Litowa kikiwemo, ambao chama tawala, TANU, kiliuvunja mwaka 1969. Miaka minne kabla ya ile amri! Hoja yake ikapasuka. Hakuweza tena kusema kwamba mambo yaligeuka 1973. Alilazimika kuuliza upya: hiari hiyo ilikuwa ya nani tangu mwanzo, ya wanakijiji au ya TANU? Insha aliyoileta ilikuwa na kurasa nne, na Kiingereza chake kilikuwa bado kinachechemea hapa na pale. Lakini kulikuwa na mtu ndani yake anayefikiri.

Sikumfundisha historia yoyote katika siku hizo kumi. Nilimpa muda na sababu ya kurudi kwenye karatasi yake.

Neno "kurekebisha" linachangia kutupotosha. Mwambie mwanafunzi akarekebishe insha, atakwenda steshenari, atasahihisha tahajia, atapanga nafasi kati ya mistari, ataprinti upya. Hiyo ni kazi ya mwisho kabisa. Mimi siku hizi nawaambia wafumue. Msusi akiona mstari wa kwanza umekwenda kombo, haupaki mafuta ung'ae. Anafumua na kuanza upya, hata kama mteja amekaa kitini saa mbili. Nawaomba wachukue karatasi nyingine waandike, kwa kila aya, sentensi moja tu ya kusema aya hiyo inadai nini. Aya isiyodai chochote inajionyesha yenyewe, na aya mbili zinazodai jambo moja vilevile. Halafu insha isomwe kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mwenzake wa chumbani ambaye hasomi somo hilo. Pale msomaji anapokosa pumzi au msikilizaji anapouliza "kwa hiyo?", hapo ndipo pa kufumua.

Jambo jingine, na najua baadhi ya walimu wenzangu hawakubaliani nami: rasimu ya kwanza iandikwe kwa Kiswahili, hata kama insha inatakiwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyesoma msingi miaka saba kwa Kiswahili anapoanza kufikiri kwa lugha anayoihangaikia, anachagua wazo ambalo maneno yake anayo, na lile wazo lake hasa analiacha. Apate hoja kwanza. Kuivusha lugha ni kazi ya rasimu ya pili, na ni kazi inayofundishika.

Najua jibu nitakalopewa. Darasa lina wanafunzi mia tatu, msaidizi mmoja, wiki kumi na tano za muhula. Nani atasoma insha mia tatu mara mbili? Hakuna, na siombi hivyo. Tupunguze idadi ya kazi. Badala ya insha mbili zinazosahihishwa mara moja, iwe moja inayopita mara mbili. Raundi ya kwanza mwalimu asome aya ya kwanza na ya mwisho tu, kwa sababu mara nyingi ugonjwa unaonekana hapo. Katikati, wanafunzi wasomeane kwenye semina, wawiliwawili, na kila mmoja amwandikie mwenzake sentensi tatu. Nimejaribu na kikundi cha watu thelathini na ikawezekana, ingawa wiki mbili za mwanzo walikuwa wanaogopa kukosoana na kila kitu kilikuwa "kizuri sana".

Wapo pia wanaosema insha imekufa tangu programu za akili unde zianze kuandika kwa sekunde chache. Kwangu hiyo inaongeza nguvu ya hoja. Mwanafunzi akileta rasimu, akaeleza kwa mdomo kwa nini aliihamisha aya hii na kuikata ile, tutajua aliyeandika ni nani bila kumkimbiza kwa mitambo ya ukaguzi.

Yule binti aliniuliza swali moja alipokuja kuchukua karatasi yake ya pili. Alitaka kujua kama anaruhusiwa kuiandika mara ya tatu, maana amepata jambo jingine kuhusu Litowa. Alama za kozi waki, yaani za kazi za muhula, zilikuwa zimeshafungwa. Nilimwambia ailete.