Mpira wa Bodaboda

Mama alipiga simu Jumapili moja saa moja asubuhi, akanikuta nahema.

"U mgonjwa?"

"La, mama. Nilikuwa nakimbia."

Akanyamaza. Nilisikia kikombe kikitua kwenye kisahani, huko kwetu Mombasa.

"Wakimbizwa na nani?"

Nikamweleza kwamba hakuna anayenikimbiza, ni mazoezi tu, kuna mbio mwezi wa kumi hapa Nairobi, kilomita 21, na tayari nimejiandikisha na kulipa.

"Umelipa?" Sauti ikapanda. "Watoa pesa upate kukimbia? Mwanangu, nambie kweli. Una deni la mtu?"

Simlaumu. Kwetu mtu hukimbia kwa sababu tatu: mvua, mwizi, na feri ya Likoni inapotaka kuondoka. Mimi mwenyewe nilifika umri wa miaka 41 bila kuongeza ya nne. Kosa langu lilikuwa kujibu mzaha kazini. Wenzangu huniita Mombasa, na siku ile walipokuwa wakipitisha karatasi ya watakaokimbia nusu marathoni, karatasi ilifika kwangu ikaruka kama vile kiti kilikuwa kitupu. "Mombasa mwachieni chai yake," mmoja akasema. Nikainyakua ile karatasi, nikaandika jina kwa herufi kubwa. Kalamu ni nyepesi sana.

Soja wa jengo letu ni mtu wa Iten, na ndiye pekee aliyenionea huruma. Aliniambia Nairobi iko juu ya bahari mita kama 1,700, kwa hiyo mtu aliyezaliwa pwani asishangae pumzi ikimkatikia kwenye ngazi. Kwao ni mita 2,400. "Sisi tukija Nairobi," akasema akifungua geti, "ni kama tumeshuka kupumzika."

Nikaanza kukimbia Lang'ata Road saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua na kabla ya watu. Nilidhani adui yangu atakuwa baridi au mbwa. Adui yangu alikuwa matatu za Rongai.

Jaribu kumweleza kondakta kwamba mtu mzima anayekimbia kando ya barabara alfajiri hana haja na gari. Hawezi kuamini. Matatu ya kwanza ilipunguza mwendo, mlango ukafunguka, konda akaning'inia nje akinipungia mkono: "Kuja mzee, kuja, nafasi iko!" Nikatikisa kichwa. Akaelewa kwamba nauli imenishinda. "Lete hamsini basi!" Nikaendelea kukimbia. Gari likatambaa sambamba nami hatua kama hamsini, abiria wote wametoa vichwa madirishani, mama mmoja akamfokea dereva: "Si msimamishe, mnaona vile mzee wa watu anateseka!" Dereva akasimama kabisa. Konda akashuka, akanishika mkono kwa heshima, kama mtu anayemsaidia bibi yake kuvuka barabara.

Siku hiyo nilipanda. Nifanyeje? Nilikuwa nimekimbia kilomita mbili tu, na gari zima lilikuwa limenisubiri.

Wiki ya pili nilivaa fulana ya rangi ya chungwa ili wajue mimi ni mwanamichezo. Wakanidhania mfanyakazi wa barabara. Wiki ya tatu nikahamia msitu wa Karura siku za Jumamosi, ule ule ambao Wangari Maathai alipigwa na wahuni mwaka 1999 akiutetea usigawiwe wajenzi. Kila nilipoinama chini ya mti nikitafuta pumzi nilimshukuru, maana bila yeye ningekuwa naangukia kwenye maegesho ya magari ya mtu. Huko nikakutana na kikundi cha wakimbiaji, na ndani yake kuna mama mmoja wa miaka 63 ambaye wote humwita Shosho. Shosho hukimbia akisimulia habari za harusi. Mimi nilikuwa nakimbia nyuma yake nikisikia mahari, nikisikia mchele umepungua, nikisikia bwana harusi amechelewa, halafu sauti inafifia, Shosho amepotea kwenye kona, na sijui hadi leo kama ile ndoa ilifungwa.

Lakini polepole mambo yakakaa. Kila Jumamosi tuliongeza kilomita moja au mbili. Kumi, kumi na mbili, kumi na tano. Wiki tatu kabla ya mbio nilimaliza kumi na nane, nikakaa kwenye nyasi nikala ndizi mbili, tumbili mmoja akachukua ya tatu, nami sikuwa na nguvu ya kubishana naye.

Sasa tufike kwenye viatu.

Raba zangu za zamani zilikuwa zimeisha visigino. Mpya za kukimbilia, dukani, bei yake ilikuwa karibu na kodi ya nyumba yangu. Nikaenda soko la mitumba, ambalo sitalitaja maana bado nanunua huko. Kijana mmoja alikuwa amezitundika juu kabisa, nyeupe pe, kamba zake mpya, soli haijagusa vumbi. "Hizi ni kamera, mzee, zile bora za bando. Kamera ya kwanza. Mzungu hakuzivaa hata siku moja." Akataka 2,500. Tukapatana 900, nikaondoka nikijiona mjanja wa mjini.

Kumbe maneno "hakuzivaa hata siku moja" yalikuwa onyo, mimi nikayasikia kama sifa. Baadaye fundi wa viatu wa mtaani kwetu alinieleza: kuna soli ambazo povu lake la ndani hunyonya unyevu hewani likaoza polepole, hata kiatu kikikaa kabatini. Kwa nje kinang'aa. Kwa ndani ni mkate uliochina. Kinangoja tu uzito na joto. Nilivijaribu mara mbili, kilomita tano tano, na vilikuwa laini mno. Ule ulaini nao ulipaswa kunishtua.

Siku ya mbio nilifika Uhuru Gardens gizani, nimejipaka mafuta ya mgando mapajani na kwapani mpaka nateleza. Maelfu ya watu, muziki, foleni ya choo ndefu kuliko mbio zenyewe. Shosho akanipiga begani: "Usiwafuate hao vijana. Enda mwendo wako." Lengo langu nilikuwa nimelipiga hesabu vizuri. Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 kule Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mimi ningekimbia nusu ya njia hiyo kwa saa mbili na nusu. Nilidhani nimejiachia nafasi ya kutosha.

Southern Bypass ukiipita kwa gari ni tambarare. Ukiipita kwa miguu ni ngazi iliyofichwa. Lakini nilikwenda, nikafika mahali pa kugeuka, nikaanza kurudi, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa nawapita watu. Watu wawili. Mmoja alikuwa anafunga kamba.

Kilomita ya 13 nikaanza kusikia mtu nyuma yangu. Kwap. Kwap. Kwap. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza. Nikapunguza, akapunguza. Nikageuka nimpe njia: hakuna mtu. Nikatazama chini. Kiatu cha kulia kilikuwa kimekenua meno kama mamba, soli imeachia kuanzia mbele mpaka katikati, na kila hatua inanipigia makofi.

Nilijaribu kukimbia nikiinua goti juu kama askari wa gwaride. Nilijaribu kukimbia kwa kisigino. Nilitoa kamba ya kiatu nikaizungusha chini, ikakatika baada ya mita mia moja, na sasa kiatu kikawa hakina soli wala kamba. Povu lilikuwa linadondoka vipande vipande, vyeupe, kama mtu anayeweka alama njiani kwa makombo ya mkate. Watoto waliokuwa wakishangilia pembeni wakaacha kushangilia, wakaanza kupiga makofi kwa mdundo wa soli yangu. Ambulensi ikapita polepole, dereva akatazama uso wangu, akatazama kiatu, akaenda zake. Huo haukuwa ugonjwa wake.

Karibu na daraja moja, nje ya vizuizi, bodaboda walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakingoja barabara ifunguliwe. Mmoja, aliyevaa koti zito la majira ya baridi juu ya kaptula, akaniita.

"Mzee, hiyo kitu itakuangusha. Leta mguu."

Nikauweka mguu juu ya kizuizi. Akafungua nyuma ya pikipiki ule mpira mweusi wa kufungia mizigo, wa tyubu iliyokatwa ukanda mrefu. Akauvuta, akauonja kwa kidole kama anayepima ugoro, akakata kipande kwa meno. Kwa meno, jamani. Akaupitisha chini ya soli, juu ya vidole, chini tena, akavuka upande wa pili, akaukaza mpaka nikaona nyota, mizunguko minne, kisha akafunga fundo lile la gunia la viazi juu kabisa ya mguu wangu. Akaligonga kwa ngumi.

"Huu mpira umebeba friji mpaka Kawangware. Wewe ni nini?"

Kisha akanikagua tena kuanzia juu. "Ama nikupeleke tu? Nikipitia huku ndani ni mia mbili, na hakuna mtu ataona."

Nitakuwa mkweli. Nilifikiria. Nilifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu aliyevaa namba kifuani. Kilichonizuia ni kwamba sikuwa na mia mbili. Sikuwa hata na shilingi, wala simu, wala mfuko.

"Basi mpira ni hamsini," akasema. "Utanitumia kwa simu ukifika." Akanitajia namba yake, taratibu, mara mbili, akanifanya niirudie kama mtoto wa madrasa. Nikaondoka.

Zilikuwa zimebaki kilomita saba na kitu. Mpira wa tyubu hautelezi kwenye lami, huishika, kwa hiyo mguu wa kushoto ulikuwa unakimbia na wa kulia unabanduliwa. Fyat. Fyat. Fundo likanichimba, mguu mmoja ukawa mrefu kuliko mwenzake, nikawa natembea kama meza mbovu ya hotelini. Na mdomoni nikawa na wimbo mmoja tu, ile namba. Sifuri saba mbili mbili, na zile zinazofuata, na mwisho nne tisa. Mkimbiaji aliyekuwa jirani yangu akanisikia, akaniuliza kama nahesabu hatua. Nikamtikisia kichwa, nikaogopa kufungua mdomo tarakimu zisimwagike.

Wanaosema nusu marathoni ni kilomita 21 hawajaimaliza. Ni 21 na mita 97 na nusu. Zile mita 97 nazikumbuka moja moja. Mtangazaji akaona kiatu changu kwa mbali, akasema kwenye spika, "Na huyu hapa anakuja na tairi yake," umati wote ukageuka, na ndiyo maana kwenye picha yangu ya kumaliza hakuna hata mtu mmoja anayetazama uso wangu. Saa 2 na dakika 54. Nikavalishwa medali. Shosho alikuwa ameshaoga, amebadili nguo, na anakunywa chai.

Jioni nikampigia mama.

"Ukawa wa ngapi?"

"Sijui, mama. Wa elfu kadhaa."

"Na wa mwisho je?"

"Alikuwa nyuma yangu."

"Basi alhamdulillahi."

Jumatano nilirudi sokoni nikiwa na kiatu kwenye mfuko wa karatasi, mpira wake juu, ushahidi kamili. Kijana akakipokea, akakigeuza, akauvuta ule mpira ukarudi paa. Nikamkumbusha aliniambia ni viatu vya kukimbilia.

"Na si ulikimbia?" akasema. "Nilikuambia kilomita ngapi?"

Likabaki deni la hamsini. Namba nilikuwa nimeiandika nyuma ya ile karatasi ya kifuani mara tu nilipopata kalamu, lakini baada ya chai, ndizi na kupigwa picha, mwisho haukuwa imara tena: nne tisa, au tisa nne? Nikachagua nne tisa. M-Pesa ikaniletea jina kwanza nithibitishe, jina la mwanamke. Nikasita, kisha nikasema pengine ni laini ya mkewe, wangapi hutumia laini za wake zao? Kwa kuwa alinikomboa, nikaona hamsini ni aibu. Nikatuma mia mbili.

Jibu likaja dakika hiyo hiyo: "Asante nimeiona. Na ile ingine ya karo utatuma lini?"