Wababe wa Baiskeli, Hukumu ya Barazani

Ikifika Julai, baraza za kahawa Malindi huwa mahakama ya baiskeli. Mtu hata cheni ikichomoka hamwiti ila fundi, lakini akishapiga funda la kahawa tungu anakata hukumu: "Ufaransa ndio wababe, Tour de France si yao?"

Yao, ndiyo. Mbio hizo za wiki tatu, Wafaransa wamezishinda mara 36, hakuna nchi iliyowapita. Ila Mfaransa wa mwisho kuinyakua ni Bernard Hinault, mwaka 1985! Huo ni utajiri wa marehemu babu, wajukuu wanauhesabu tu. Ubelgiji wana 18, wa mwisho Lucien Van Impe mwaka 1976. Uhispania 12, Italia 10.

Yupo na bwana aliyejifunzia Kitaliano ufukweni, kwake Italia ndio dunia. Kwenye Giro, mbio za wiki tatu za Italia, sawa, hapo Wataliano hawashikiki. Lakini tangu Vincenzo Nibali 2016 mpaka 2025, hakuna.

Halafu wote wanahesabu mbio za wiki tatu tu, utadhani za siku moja ni mchezo wa watoto. Nenda Paris-Roubaix uone: kilomita 260 hivi, na kama 55 kati yake ni mawe. Si kabro zilizolazwa sawasawa, ni mawe yenye migongo. Ukijaza tairi upepo mwingi baiskeli inarukaruka, kiganja kinachubuka. Ukiupunguza mno, rimu inagonga jiwe, pancha. Kule anatakiwa mtu mzito mwenye paja. Kale kembamba kanakoparamia milima ya Alps kanateseka. Ndiyo maana Wabelgiji, waliokulia kwenye upepo mkali na mawe kama hayo, wanaongoza mbali Roubaix na Flanders, mbio za siku moja za kwao Ubelgiji, hata kama Tour imewapa kisogo.

Na nani tena huyu anayesema Marekani wana Tour kumi? Saba za Lance Armstrong, 1999 hadi 2005, zilifutwa mwaka 2012 kwa dawa zilizokatazwa, wala hakupewa mtu. Zimebaki tatu, zote za Greg LeMond. Toa saba, bwana, toa!

Siku hizi mbabe ni Slovenia. Nchi ya watu milioni 2 na ushei, haifiki Kilifi mbili! Mpaka 2025 Tadej Pogačar ana Tour nne: 2020, 2021, 2024 na 2025. Mwenzake Primož Roglič ana Vuelta nne, mbio za wiki tatu za Uhispania.

Sasa linakuja la Chris Froome, hapo vikombe vinagongwa mezani. Kazaliwa Nairobi, kaanza kukimbia kwa leseni ya Kenya, mwaka 2008 akahamia ya Uingereza. Tour zake nne zimeandikwa huko, katika sita za Uingereza. Kinachohesabiwa ni leseni, si hospitali aliyozaliwa mtu!

Mnataka Mwafrika asiye na ugomvi wa makaratasi? Biniam Girmay wa Eritrea, Tour ya 2024: alishinda hatua tatu na jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi. Thubutu umtaje! Barazani wote wanataka ya njano, ya mshindi wa Tour, na huko nje baiskeli zao zimeegemezwa ukutani, hata moja haina breki.