Je, Kadi ya NEXUS Inatosha Bila Pasi?

Jumamosi moja tulivuka Peace Bridge, daraja la mwaka 1927 linalounganisha Buffalo upande wa Marekani na Fort Erie upande wa Kanada, tukienda harusini Hamilton. Shemeji alikuwa kwenye usukani, dada kando yake, nami nyuma pamoja na nguo za harusi zilizotundikwa dirishani. Sote watatu tuna kadi za NEXUS, mpango wa Marekani na Kanada wa kuwapitisha haraka mpakani wasafiri waliokwisha kuchunguzwa, na ndiyo maana tuliweza kushika njia yake, kwa kuwa masharti ya njia hiyo yanataka kila aliyemo garini, hata mtoto mchanga, awe mwanachama. Shemeji alizinyanyua kadi mbele ya kisomeo, afisa akatazama skrini yake, akawauliza wao maswali mawili, kisha akainama kunitazama mimi: kadi yako ya ukaazi iko wapi, na pasi je? Nikampa kitabu changu cha Tanzania ambacho pembe zake zimeanza kukunjamana. Tulipokwisha kuondoka, shemeji, ambaye ni raia wa Marekani, alicheka akasema kwamba yeye pasi yake hajaifungua tangu alipopata kadi, na kwamba kuibeba mpakani ni sawa na kufungua mwavuli ndani ya nyumba. Dada akamjibu kwamba akiba haiozi. Ubishi huo ulitufikisha Hamilton, na sijaona kama ulikwisha.

Tuanze na shemeji, kwa sababu sheria iko upande wake zaidi kuliko watu wengi wanavyodhani. Zamani raia wa Marekani aliweza kurudi kwao kutoka Kanada kwa leseni ya udereva na cheti cha kuzaliwa, na mara nyingine kwa kauli yake tu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mwaka 2004 ya kurekebisha idara za ujasusi, na kutokana nayo ukazaliwa utaratibu wa kumtaka kila anayeingia kutoka nchi za jirani, Kanada ikiwemo, aonyeshe hati inayothibitisha utambulisho na uraia wake. Kwa wasafiri wa ndege utaratibu ulianza Januari 2007, na kwa wanaoingia kwa barabara au kwa maji ulianza Juni 1, 2009. Jambo la kuzingatia ni kwamba utaratibu huo haukuitaja pasi peke yake. Kwa barabara na maji ulizikubali pia kadi za wasafiri wanaoaminika, yaani NEXUS kwa mpaka wa Kanada, SENTRI kwa mpaka wa Meksiko, na FAST kwa madereva wa malori ya mizigo. Kwa hiyo raia wa Marekani au wa Kanada anayevuka daraja kwa gari akiwa na kadi ya NEXUS iliyo hai hajavunja sheria yoyote kwa kuiacha pasi kabatini. Kadi yake ni hati kamili, si nyongeza.

Tena, mpango wenyewe uliundwa kwa nia hiyo. NEXUS ilianza kwa majaribio mwaka 2000 baina ya Sarnia, Ontario, na Port Huron, Michigan, ikasimamishwa baada ya Septemba 11, ikarudi mwaka 2002 ikiwa na uzito mpya. Hoja ya serikali mbili ilikuwa nyepesi kueleweka: mtu akichunguzwa kwa kina mara moja, akatoa alama za vidole na kuhojiwa na maafisa wa pande zote, hakuna haja ya kumchunguza upya kila Jumatatu asubuhi anapokwenda kazini. Kuna wauguzi wanaolala Windsor na kufanya kazi Detroit, na kwa mtu wa namna hiyo kutembea na pasi kila siku ni kuiweka katika hatari kila siku. Inaweza kuibwa garini, kumwagikiwa chai, au kusahaulika katika mfuko wa koti lililopelekwa kwa dobi. Mtu mzima wa Marekani aliyepoteza pasi hulipa dola 165 na kwenda mwenyewe kuomba nyingine, ilhali kadi ya NEXUS iliyopotea hubadilishwa kwa dola 25. Ukiipima hoja ya shemeji kwa vigezo hivyo tu, inasimama vizuri.

Inapoanza kuyumba ni pale safari inapobadilika njiani. Kadi ya NEXUS humfaa raia angani katika hali moja tu, yaani anaposafiri kati ya Kanada na Marekani na kupita katika vituo vya mpango huo kwenye viwanja vya ndege vilivyonavyo, kama Toronto Pearson au Vancouver. Nje ya hapo si hati ya kupandia ndege ya kimataifa. Kadi ya Global Entry, mpango wa Marekani wa kuwapitisha haraka wasafiri wanaotua kutoka nje, haifai hata kwa hilo. Ni ya barabara na maji tu, na mwenye uanachama huo anayetua kutoka ng'ambo anatakiwa kuwa na pasi yake. Hapa kuna udanganyifu mdogo wa macho unaowaponza wengi. Siku hizi mashine za kutambua uso zimemfanya msafiri wa Global Entry apite bila kuombwa kitabu, akatoka uwanjani akiamini kwamba uso wake ndio pasi. Anasahau kwamba kitabu kilikwisha kukaguliwa saa nyingi kabla, kwenye kaunta ya shirika la ndege kule alikotoka, na kwamba mashirika hukagua kwa ukali kwa sababu hutozwa faini yakimbeba abiria asiye na hati.

Nilimpa shemeji mfano ambao kila Mswahili wa ughaibuni anaufahamu bila kuelezwa. Tuko harusini Hamilton, simu inaita saa nne usiku, kuna msiba Tanga. Ndege ya karibu inaondoka Toronto, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Mwenye pasi anakwenda moja kwa moja uwanjani akiwa bado na kanzu ya harusi. Mwenye kadi peke yake hana budi kurudi Buffalo kwanza, afungue kabati, ndipo aanze safari, na kwa desturi zetu za mazishi saa hizo chache ndizo zinazoamua kama utamzika mzee au utakuta kaburi. Shemeji alisema kwamba jambo kama hilo hutokea mara moja katika miaka kumi. Ni kweli. Lakini swali la kubeba hati haliamuliwi kwa kuhesabu siku ambazo hukuihitaji, kwa sababu gharama ya kuikosa siku moja haifanani na usumbufu wa kuibeba siku nyingine zote.

Hadi hapa nimezungumza juu ya raia. Mjadala mwingi kuhusu kadi hizi huandikwa kana kwamba wanachama wote ni raia, na hilo ndilo kosa linalotugusa sisi zaidi, kwani NEXUS huwapokea pia wakaazi wa kudumu wa nchi hizo mbili, na kwao masharti ni tofauti kabisa. Mkaazi wa kudumu mwenye NEXUS anatakiwa kusafiri na kadi yake ya ukaazi pamoja na pasi ya nchi yake ya uraia, na kuzionyesha akiombwa. Kadi ya NEXUS inamweka katika njia fupi, lakini haimwambii afisa kwamba yeye ana haki ya kuingia, kwa sababu haki hiyo haitokani na uanachama.

Ukilifuatilia jambo hili kwa pande zote mbili za daraja, utaona kwamba kila hati ina bwana wake. Mtanzania mwenye kadi ya kijani ya Marekani, anaporudi Buffalo, kinachomrudisha ni kadi hiyo ya kijani. Pasi ya Tanzania si sharti upande huo. Anayeidai pasi ni Kanada, ambayo tangu Aprili 26, 2022 inamtaka mkaazi wa kudumu wa Marekani aonyeshe pasi hai ya nchi yake, au hati ya kusafiria inayolingana nayo, pamoja na uthibitisho wa ukaazi wake. Mkaazi wa Hamilton mwenye uraia uleule wa Tanzania yuko katika hali nzito zaidi, maana ili aingie Marekani anahitaji pasi na ndani yake viza ya Marekani, na hakuna idadi ya kadi za NEXUS itakayomwondolea sharti hilo. Mkongomani aliyekuja Marekani kama mkimbizi, ambaye pengine pasi ya Kongo hajapata kuishika, hutegemea hati ya kusafiria ya mkimbizi, na hiyo hudumu mwaka mmoja tu, hivyo tarehe yake inahitaji kuangaliwa mara nyingi kuliko ya kadi yenye uhai wa miaka 5.

Kwa nini wengi wetu tumebaki wakaazi badala ya kuwa raia? Kwa Wakenya jambo limelainika tangu Katiba ya mwaka 2010 iliporuhusu uraia pacha. Kwa Mtanzania mtu mzima, kuchukua uraia wa nchi nyingine bado ni kuupoteza wa kwake, na wapo wanaokaa na kadi ya kijani miaka ishirini kwa sababu ya shamba la baba na moyo usiokubali. Uamuzi huo una heshima yake. Lakini anayeufanya ajue kwamba pale mpakani amejichagulia pia kubeba kitabu, na kwamba ushauri wa rafiki yake raia, hata ukitolewa kwa nia njema kama ya shemeji yangu, haumhusu.

Upande wa pili una jibu hapa pia, na silipuuzi. Pasi ya nchi ya mbali ni ngumu zaidi kuibadilisha kuliko ya nchi unayoishi. Raia wa Marekani akipoteza pasi Buffalo ataomba nyingine hapohapo mjini. Mtanzania aliyepoteza yake mjini humo itambidi aanze mawasiliano na ubalozi wake Washington, atafute cheti cha kuzaliwa na kutoa taarifa polisi, na wakati huo hana cha kumwonyesha afisa wa Fort Erie. Kwa hiyo yeye ambaye sheria inamlazimisha kubeba pasi ndiye ambaye kuipoteza kunamuumiza zaidi. Sioni dawa ya mkanganyiko huo isipokuwa uangalifu wa kawaida: nakala ya ukurasa wa picha ibaki nyumbani, na kitabu kikae mwilini, si kwenye kisanduku cha mbele cha gari.

Liko jambo la mwisho linalosahaulika hata na raia. Uanachama wa NEXUS ni fadhila, na mamlaka zinaweza kuufuta kwa sababu ambazo mwenye kadi huziona ndogo: matunda ambayo hayakutajwa, au abiria asiye mwanachama aliyepandishwa kwenye njia ya wanachama kwa haraka ya kuwahi. Tangu Oktoba 2024 ada ya kuomba ni dola 120, kutoka 50 za awali, na bei hiyo huwafanya watu waione kadi kama mali waliyoinunua. Si mali. Siku inapochukuliwa dirishani, raia hawezi kunyimwa kurudi kwao, lakini atakaa pembeni mpaka uraia wake uthibitishwe kwa njia nyingine, na mwenye pasi mfukoni hukaa muda mfupi zaidi.

Kusini mambo ni hayohayo kwa sura nyingine. Kadi ya SENTRI inafungua lango la Marekani kwa anayerudi kutoka Tijuana, lakini Meksiko ina sheria yake, na Mmarekani anayeingia huko hutakiwa kuonyesha pasi. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa hilo. Kenya, Uganda na Rwanda zilipokubaliana mwaka 2014 raia wao wavukiane mipaka kwa vitambulisho vya taifa, Tanzania haikujiunga, na Mkenya aliyezoea kupita Busia kwa kitambulisho alipofika Namanga alikutana na swali lingine.

Kwa hiyo, kama ningeombwa kukata shauri, ningempa shemeji nusu ya anachodai. Raia anayevuka kwa gari asubuhi na kurudi jioni, katika mpaka anaoujua, anaweza kuiacha pasi bila hofu ya sheria, na kwa anayevuka kila siku huenda ndilo jambo la busara. Akiwa Mmarekani anayependa njia ya kati, ipo pasi ya kadi inayotolewa kwa dola 30 kwa mwenye kitabu tayari, ingawa nayo haipandi ndege ya kimataifa. Safari ikiwa na usiku ndani yake, au uwanja wa ndege karibu, kitabu kiende. Na kwa mkaazi wa kudumu sioni pande mbili za kupima.

Tuliporudi Jumapili jioni foleni ya magari ya kawaida ilikuwa imefika katikati ya daraja, nasi tukapita kando yake kwa dakika chache. Afisa wa Marekani alitazama kadi yangu ya kijani, akanirudishia, pasi hakuiuliza. Shemeji alinitazama kwenye kioo cha ndani akitabasamu. Nikamkumbusha kwamba wiki inayofuata tunakwenda tena Hamilton, na kwamba wa kule wataiuliza.