Muvi ya ekisheni ya kuweka ndani ni ile inayonoga ukishajua mwisho

Watu wakiona rafu yangu ya diski swali huwa ni lilelile, sasa hii ushaiona, stelingi unajua hafi, adui unajua anakufaje, unaiweka ndani ya nini? Na mi huwa nawajibu kwamba muvi nyingi za ekisheni kweli ukishajua mwisho zimeisha, hazina kitu tena, ila kuna chache ambazo ukishajua mwisho ndo kwanza zinaanza. Hizo ndo za kununua. Basi, hicho ndo kipimo changu, sina kingine.

Chukua Die Hard ya mwaka 1988. Mara ya kwanza kila mtu anaangalia jengo linalipuka na Bruce Willis anaruka kutoka juu ya ghorofa kajifunga mpira wa maji wa zimamoto. Sawa, raha. Lakini rudia ukiwa umetulia, uangalie mwanzoni kabisa kabla hata majambazi hawajafika, pale mkewe Holly yuko ofisini kwake, kapiga simu nyumbani kuulizia watoto, kasikia mumewe, ndo huyo Willis, hajapiga, akakata simu, mkono ukaenda kwenye rafu akailaza ile picha ya familia kifudifudi. Sekunde mbili hivi. Hasira ya mke tu kwa mumewe, hakuna muziki, kamera haiisogelei kwa fujo kukwambia angalia hapa. Alafu muvi inaendelea, watu wanatekwa, bosi wa majambazi Hans Gruber anaigeuza ofisi hiyohiyo kuwa yake na anakaa saa nzima na ile picha iko palepale imelala. Sura ya mtu anayemtafuta jengo zima iko pembeni yake! Mara ya kwanza hulioni hilo. Mara ya pili kila Hans akiingia humo ndani wewe unaiangalia picha tu, roho juu, maana unajua kuna dakika ataigeuza.

Na kila kitu humo kimepangwa hivohivo. Saa ya mkononi ya Holly, zawadi ya kazini, mwanzoni jamaa mmoja wa ofisini anamwambia amuonyeshe mumewe, unaona ni majigambo tu ya ofisini, kumbe mwisho kabisa Hans anapoanguka dirishani kitu pekee alichoshikilia ni mkono wenye saa ile, na kinachomuokoa Holly ni kufunguliwa kwa mkanda wake. Viatu nako. Abiria mwenzake Willis kwenye ndege anamshauri akifika avue viatu na soksi atembee kwenye zulia akikunja vidole vya miguu, itamtoa uchovu wa safari, yeye anajaribu, risasi zinaanza, anakimbia peku, na muvi nzima anabaki peku mpaka Hans anapomuona miguu na kuagiza vioo vipigwe risasi. Yani ushauri wa mtu mwema kwenye ndege ndo unamtoa damu saa moja baadae. Alan Rickman alikuwa anacheza muvi yake ya kwanza kabisa pale, muangalie anavotazama ile miguu, hana haraka.

Sasa wengine watasema hiyo ni hadithi tu, ekisheni ni ngumi na risasi. Hapana bwana, ekisheni bila hadithi ni kelele, na kelele huwezi kuirudia mara kumi.

Mfano mwingine wa zamani zaidi, Seven Samurai ya Akira Kurosawa, 1954, masaa matatu na nusu karibu, nyeusi na nyeupe, watu wanaikimbia kwa sababu hiyo na wanakosa mengi. Kijiji kimeajiri samurai saba, wale wapiganaji wa upanga wa Japani ya zamani, kupigana na majambazi 40. Kiongozi wao ana karatasi kachora viduara, kila jambazi akifa anakata kimoja, kwahiyo na wewe mtazamaji unajua wamebaki wangapi, hesabu iko mkononi mwako, kila kiduara kikikatwa unapumua kidogo. Ila majambazi wana bunduki tatu. Mara ya kwanza hizo bunduki zinakupita, unaona ni silaha tu kama zingine, tena Kyuzo, yule fundi wa upanga asiyeongea sana, anaenda peke yake usiku na kurudi na moja, unamshangilia. Ukirudia ndo inakukaa. Samurai wanne wanakufa mle ndani na wote wanne wanakufa kwa risasi, hakuna hata mmoja aliyeshindwa kwa upanga, na Kyuzo mwenyewe ni mmoja wao. Kwahiyo mara ya pili ule mlio wa kwanza wa bunduki unausikia tofauti kabisa, sio mlio tena wa vita ya kijiji, ni zama zao samurai zinafungwa. Mi hapo huwa siongei na mtu.

Kitu kingine ambacho kwangu hakina mjadala ni kujua watu wako wapi. Nani yuko mlangoni, nani yuko juu, kutoka hapa mpaka kule ni hatua ngapi. Kuna muvi nyingi sana za miaka ya karibuni kamera inatikiswa, picha inakatwa kila nusu sekunde, unaona kiwiko, unaona ukuta, unasikia puu, mtu kaanguka, nani kampiga nani hujui, na ukirudia bado hujui, sasa utarudia ili iweje?

Kukata picha haraka sio dhambi lakini. Mad Max: Fury Road ya 2015 inakatwa haraka kuliko nyingi na hupotei hata mara moja, na siri yake ni kwamba muongozaji George Miller alitaka kitu cha kuangaliwa kikae katikati ya picha kila mara, kwahiyo jicho lako halihangaiki kutafuta, picha ikibadilika kitu kiko palepale ulipokuwa unaangalia. Aliyeihariri ni mkewe, Margaret Sixel, aliyekuwa hajawahi kuhariri muvi ya ekisheni, akaletewa picha za masaa karibu 480 kutoka jangwani Namibia akazitoa masaa mawili, na Oscar akabeba. Na wale jamaa wanaobembea juu ya nguzo ndefu kwenye magari yanayokimbia, ni watu kweli, kwenye nguzo kweli, magari yanatembea kweli. Zima sauti siku moja uiangalie kimya kimya utaona bado unaelewa kila kitu.

Alafu kuna Hard Boiled ya John Woo, 1992, kile kipande cha hospitali. Chow Yun-fat na Tony Leung wanapigana korido nzima kamera haijakatwa, wanaingia kwenye lifti, mlango unafungwa, wanaongea, mlango unafunguliwa wako ghorofa nyingine, wanaendelea na risasi, bado kamera haijakatwa. Kumbe lifti haikwenda popote. Ile korido ni ileile, wakati wao wanaongea mle ndani watu wa seti walikuwa na kama sekunde 20 kuondoa vifusi na kuibadilisha ionekane ghorofa nyingine. Lakini sio ujanja huo peke yake unaonirudisha. Mmoja wao kabla ya kuingia kwenye lifti kampiga risasi polisi mwenzao kwa bahati mbaya, na hizo sekunde za lifti ndo nafasi pekee waliyonayo ya kuliongelea, mwenzake anamtuliza haraka haraka ili waendelee kuwa hai. Nje mafundi wanakimbizana na ufagio, ndani mtu moyo unamvunjika, na vyote viwili vina muda uleule. Nikishalijua hilo siwezi tena kukiangalia kile kipande nikiwa nimeegemea kochi, nakaa wima.

Na maumivu. Stelingi lazima aumie, na mimi niyaone. Police Story ya 1985, Jackie Chan anaruka kutoka juu kwenye jengo la maduka anashika bomba limezungushiwa taa, anashuka nalo mpaka chini taa zinapasuka moja moja, viganja vikaungua kweli, na muvi inakuonyesha mruko huohuo mara tatu kwa kamera tofauti. Mtu akiniambia huko ni kujisifu namkatalia. Ule ni ushahidi. Anakwambia nimefanya, angalia tena, angalia na kwa upande huu. Vioo vilivunjwa vingi kiasi kwamba waliokuwa wanaitengeneza waliipa jina la utani Glass Story. Mpaka leo hakuna kompyuta iliyoifanya ionekane ya kizamani, kwa sababu mwili wa mtu ukianguka unaanguka vilevile zama zote.

Sasa kuhusu kuwa nayo yani kuwa nayo kabisa, diski mkononi. Mi nilishanunua muvi kwenye huduma moja ya mtandaoni, nimelipa, imeandikwa ni yangu, siku naitafuta haipo, imeondolewa na hakuna aliyeniambia. Nilikasirika sana kwakweli. Na hata ikiwepo huna uhakika ni ileile. Mwaka 2023 watu waligundua kwamba The French Connection ya 1971, muvi iliyoshinda Oscar ya picha bora, ile yenye gari linaifukuza treni iliyo juu ya reli za darajani Brooklyn, toleo lililokuwa mitandaoni limekatwa kipande chenye neno la matusi ya rangi, na hakuna tangazo lolote lililotolewa. Lile neno ni baya, sitetei. Ila yule polisi Popeye Doyle ni mtu mbaya na muvi ilitaka umuone alivyo, ukimsafisha kimyakimya umenidanganya kuhusu mtu niliyekaa naye masaa mawili. Mwenye diski ya zamani alikuwa na muvi nzima. Mwingine hakujua hata kama kuna kitu kimetoka.

Lakini diski nayo chagua, usinunue tu kwa sababu kava imeandikwa 4K, yani picha kali zaidi. Terminator 2 ilivyotolewa kwa 4K watu wengi tulilalamika, chembechembe za filamu zimefutwa mpaka ngozi za watu zimekuwa kama nta. Muvi ilipigwa kwa filamu, zile chembechembe ndo picha yenyewe, ukizifuta unafuta na mikunjo ya uso. Toleo la kutafuta ni lile lenye vile vipande vilivyoachwa nje sinema zilipoionyesha 1991, kwa sababu kuna kimoja cha kioo ambacho peke yake kinatosha kununua diski. Sarah anamfungua kichwa yule roboti kutoa chipu, yote unaiona mbele ya kioo, kamera inasogea polepole, Sarah yuko huku na yuko kwenye kioo. Hakuna kioo. Ni uwazi tu ukutani. Upande mmoja Schwarzenegger mwenyewe na Linda Hamilton, upande mwingine kichwa cha bandia na Leslie, pacha wa Linda, wanaiga mikono ya wenzao. Nilivyojua nilirudisha nyuma mara nne hivi nikimtafuta nani anachelewa. Jaribu na wewe.

Na hapo ndo nafika kwa First Blood, 1982, ambayo wengi wanaijua vibaya kwa sababu ya zile zilizofuata. Wakisikia Rambo wanaona kifua wazi na mtutu mkubwa na maiti mia. Humu anakufa mtu mmoja tu muvi nzima, na ni ajali, Rambo anarusha jiwe kwenye helikopta kujiokoa na jamaa aliyekuwa anamlenga anaanguka. Basi. Na ile ekisheni yote inaishia chumbani, mwanaume mkubwa amekaa chini analia, anamsimulia kanali wake kuhusu rafiki aliyelipuliwa kule Saigon, vita ya Vietnam, na kisanduku cha kung'arishia viatu, mtoto kaja nacho, anauliza wang'arishiwe viatu, na yeye anajaribu kumuunganisha rafiki mwili kwa mikono. Maneno yanagongana, mengine hayasikiki vizuri, na usiyaongezee sauti, yaache hivohivo.

Kulikuwa na mwisho mwingine. Walipiga kabisa, Rambo anakufa, maana hata kwenye kitabu anakufa, alafu wakawaonyesha watu wa majaribio wakaukataa. Upo kwenye baadhi ya diski kama nyongeza na mimi ninayo. Nimeuangalia mara moja. Huu mwingine, wa kutoka nje kafunikwa koti mabegani, kanali pembeni, nimeshaupitia sijui mara ngapi, na kila mara namuangalia usoni anapofika mlangoni.